Kaliba ya Ami Nassor

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya bunduki ikichanganyika na kahawa ya iliki, nasonya kwanza, kisha ndiyo nakumbuka. Ndivyo zilivyonukia Ijumaa za nyumba yetu ya Al Amerat nilipokuwa na miaka kumi na nne, na mwaka ule, wenzangu, nusura wanitie wazimu.

Nilitaka kitu kimoja tu: kuingia klabu ya shabaha, nijifunze kulenga masafa marefu. Baba alikubali upesi, nikadhani shughuli imekwisha. Kumbe alikuwa amemwambia kaka yake. Ami Nassor, ambaye tangu Bibi afariki tulikuwa tukimwona arusini na matangani tu, akavuka milima kutoka kwake Sidab, pwani, baada ya swala, akaketi, akauliza bunduki yenyewe itakuwa ya kaliba gani, yaani ya risasi ya unene gani.

Nikawa nimekwisha. Baba alishikilia sita na nusu: risasi yake nyembamba, inakata upepo, na teke lake halimvunji mtoto bega. Ami alitaka tatu-sifuri-nane, kwa kuwa risasi zake hazitafutwi na mtutu wake hauchakai upesi. Ijumaa ya pili wakarudia. Ya tatu wakaanza upya, kana kwamba hawajapata kulizungumza. Walipanga kokwa za tende mkekani, hizi milima, ile shabaha, wakachora upepo kwa vidole. Kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa, na ada yetu mnaijua: mgeni asipotikisa finjani, hujaruhusiwa kuacha. Ami hakutikisa. Alikunywa hata nikauhofia moyo wake.

Siku moja nikathubutu kuuliza kama ile ndogo, ishirini na mbili, haimtoshi anayeanza. Walinitazama kana kwamba nimetia sukari kwenye samaki. Ami akasema hiyo ni ya kupigia makopo.

Klabu ikawa karibu kufunga kuandikisha vijana, na mimi sina bunduki. Nikalia jikoni kwa hasira. Mama akafuta mikono, akaenda sebuleni.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," akawaambia. "Mtoto ataanza na ishirini na mbili. Nshazungumza na mwalimu wa klabu."

Nikainua dele la kahawa nimmiminie Ami, naye akaitikisa finjani.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilikuwa na bunduki yangu ndogo, nikapasua makaratasi ya shabaha bila mtu kunipigia kelele. Baba alikaa peke yake mkekani, akizisogeza kokwa za tende, nami nikadhani amenuna kwa kushindwa.

Miaka ikapita ndipo Mama aliponiambia kwamba wote wawili walijifunzia ishirini na mbili. Walijua tangu Ijumaa ya kwanza kuwa ndiyo inayonifaa. Ila Bibi, mama yao, alikuwa amekufa, na chumba chake walimokuwa wakikutana kilikuwa kimefungwa, na hao ni wanaume wasioweza kumwambia mtu kuwa wamemkumbuka. Walipata kaliba, wakaishika kwa mikono miwili. Iliniuma sana kulijua hilo, na ilinikasirisha vilevile: mwaka mzima, na neno lenyewe lilikuwa moja.

Juzi nilimpigia Ami simu. Nikamwambia binti yangu anataka bunduki ya masafa, na sijui nimchagulie kaliba gani.

"Usinunue kitu," alisema. "Nnakuja Ijumaa. Mwambie babaako awepo."

Najua watanitia wazimu. Nimeshanunua iliki.