Samaki Wanne wa Ami

Samaki wa kwanza niliowajua nyumbani kwetu Lamu hawakuwa wa kuliwa. Waliishi ndani ya birika la bafuni, lile la chokaa tunamochota maji ya kuoga na kutawadha. Ni samaki wadogo, hawazidi kidole, na kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna anayewalisha wala kuwahesabu. Maji yakipungua tunarudishia kutoka kisimani, nao wanaendelea kuishi. Nilikua nikiona hivyo, na sikudhani kwamba jambo dogo kama hilo, nililokuwa na hakika nalo, lingekuja kutuponza.

Ami, ndugu yake baba, ndiye aliyenilea, naye alikuwa mpiga mbizi wa kamba mawe upande wa Kiunga. Siku moja mpira aliopumulia hewa kutoka botini ulijikunja akiwa kina kirefu, akapanda juu kwa haraka. Alipotolewa majini miguu ilikuwa haimsikii tena. Mtaani walisema kapigwa na jini la bahari. Daktari alisema ni hewa iliyogeuka mapovu ndani ya damu. Ami hakubishana na upande wowote. Alilazwa chumba cha chini, kando ya ua, akageuza uso ukutani. Kwanza aliacha kuzungumza na wageni. Baadaye aliacha kula, isipokuwa vijiko viwili vitatu vya uji ili mkewe asilie.

Mke wa ami alikuwa akipika katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alipofunga na kurudi kwao, alimwachia tangi dogo la kioo pamoja na pampu yake ya hewa na taa. Mke wa ami aliniambia tumtilie mzee bahari kidogo mle ndani, huenda akageuka aitazame.

"Asiyekula hajafa," aliniambia kwa sauti ya chini, "lakini ameshafunga mizigo."

Mimi si msemaji. Nilimaliza darasa la nane nikabaki nyumbani, na hata dukani huonyesha kwa kidole. Kwa hiyo sikumuuliza ami. Niliosha tu tangi, nikaliweka juu ya meza karibu na kitanda chake, nikalijaza maji ya bahari. Jirani yetu mwenye boti aliniletea maji hayo kwa madumu kutoka nje ya mkondo, yaliko safi. Ami alilitazama kwa jicho moja. Akauliza nina nia ya kutia nini. Nikajibu kitatange, kwa sababu hakuna samaki mzuri kama yeye.

Ami alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu aletwe, na hakikuwa cha wema.

"Kitatange ni bibi harusi asiyekula chakula cha mumewe. Hutaka matumbawe hai, na asipoyapata hufa akikutazama."

Nikasema basi kikande. Akasema nitaamka nimkute kikande peke yake, na wenzake wote tumboni mwake.

"Enda kwenye vidimbwi vya mwambani, mai yakipwa," alisema. "Samaki wa kidimbwi jua linampika, mvua inamtilia mai matamu, na kesho yuko pale pale. Usichague mzuri. Chagua aliyezoea dhiki."

Hakuniruhusu kuwaleta siku ile. Alisema tangi likae kwanza na mawe na maji mwezi mzima, kwa kuwa nyumba ambayo chokaa haijakauka humtia mtu homa. Kuhusu matumbawe alikuwa mkali zaidi. Nisivunje kitu kilicho hai mwambani. Jirani aliwauliza wazee wa kamati ya wavuvi, wakakubali nichukue kilichoota juu ya jiwe la nanga ambalo lilikuwa likitolewa majini lisirudishwe. Nilipata vipande viwili. Kimoja kilikuwa laini kama ngozi, chenye vidole vinavyopunga. Cha pili kilikuwa na maua mafupi yaliyobanana kama vifungo vya shati. Hicho cha vifungo ami aliniambia nisikiguse nikiwa na jeraha, na nikikigusa nisipeleke mkono machoni. Alisema baadhi ya matumbawe hayo yana sumu ya kumlaza mtu. Alilisema hilo kwa utulivu, kama anayenionyesha mahali pa kuweka viatu.

Mwezi ulipotimia jirani alinipeleka upande wa nje wa Manda maji yalipokupwa sana. Nilirudi na samaki wanne kwenye ndoo: wawili wenye mistari mitano myeusi, mmoja wa buluu, na mmoja wa rangi ya matope, macho yamemtoka, anayekaa juu ya jiwe akiegemea mapezi yake kama mzee barazani. Huyo wa matope sikumtaka. Ami ndiye aliyekuwa amesisitiza nimlete wa namna hiyo.

Kwa siku kadhaa nyumba ilibadilika. Ami aliomba awekewe mto aketi. Nilipowatupia samaki chembe za dagaa, naye alikula tonge la wali, kisha la pili. Mke wa ami alisimama mlangoni na sinia mkononi, akaogopa hata kuvuka kizingiti. Ndipo ami aliposema lile neno.

"Watazameni vizuri hawa wanne. Nikishindwa kuwaweka hawa, nami msinihangaikie tena."

Mke wa ami alilitua sinia chini. Tangu siku ile sikutazama samaki tena kama samaki.

Ulikuwa msimu wa kaskazi. Upepo ulipita uani mchana kutwa, mkavu, na maji ya tangi yalishuka kila siku. Nilijua la kufanya. Kila asubuhi nilifungua dumu la maji ya bahari, nikarudishia mpaka juu. Ami mwenyewe alikuwa ameniambia nifanye kama birika, nisingoje yapungue sana. Ukingoni mwa kioo palitokea unga mweupe. Niliufuta kwa kitambaa, kesho yake ukarudi. Nilidhani ni vumbi la chokaa kutoka dari.

Wa buluu ndiye aliyetangulia. Alianza kupumua upesi, akajibana pembeni, na siku ya tatu alikuwa amelala chini. Ami alisema kila msafara una wa kwanza. Siku ile alikula nusu ya kawaida yake. Matumbawe ya vidole yakakunjamana kama sikio la kizee, hayakufunguka tena. Kisha akafa mmoja wa wenye mistari. Ami aliniambia nimtoe, akageuza uso ukutani kabla sijamaliza. Sinia la adhuhuri lilirudi jikoni kama lilivyokuja, na la jioni likarudi vivyo hivyo. Mke wa ami alinitazama tu.

Niliendelea kurudishia maji. Nilirudishia kwa bidii zaidi, nikidhani usafi utawaokoa.

Siku chache baadaye, alfajiri, nilimkuta wa pili mwenye mistari ameelea. Ami alikuwa bado amelala. Nilimtoa kwa mkono, nikamfukia uani chini ya mwasmini, kisha nikatoka mbio hadi gatini nikiwa na ndoo. Jirani alikuwa akijiandaa kuondoka. Sikuweza kumweleza, nilimwonyesha ndoo tu, akanipandisha. Nilipata samaki wa mistari mitano kwenye kidimbwi, nikamzingira kwa ncha ya leso. Alikuwa na nguvu hata akanirushia maji usoni. Nilirudi baada ya adhuhuri. Mke wa ami alisema mzee hakufumbua macho tangu asubuhi, hakutaka hata chai. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nami naona haya kuliandika. Nikamtia samaki mgeni tangini.

Ami aliamka akalitazama tangi. Akamtazama samaki mwenye mistari, kisha akanitazama mimi. Niliinama nikajifanya nafuta ukingo. Mgeni alizunguka mara mbili, akaenda juu, akaenda chini, kama aliyeingia chumba kisichokuwa na mlango. Ilipoadhiniwa alasiri alikuwa amelala ubavu mchangani, akipumua kwa shida. Kabla hatujamaliza sala alikuwa amekufa. Yule wa matope alikuwa juu ya jiwe lake, amechoka, lakini hai.

"Huyo umemleta leo," ami alisema. "Wetu alikuwa na mstari wa nne uliokatika."

Niliacha kufuta.

"Mwenzake umemzika wapi?"

"Chini ya mwasmini."

Nilingoja ageuze uso ukutani. Hakugeuza. Alikuwa ameukunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Mgeni mzima amekufa kwa mchana mmoja," alisema polepole. "Na mgonjwa wetu wa matope yuko. Basi maradhi hayamo samakini, yamo nyumbani mwao. Nisogezee tangi kidole changu kifike kwenye mai."

Nilisogeza meza mpaka ikagusa kitanda. Alichovya kidole, akakitia mdomoni, akatema kwenye kitambaa. Akaniambia nami nionje. Miaka yangu yote sikuwahi kuonja maji ya bahari kwa makusudi, maana nani asiyejua kuwa yana chumvi? Haya yaliuma ulimi.

Mke wa ami naye akaonja. "Mumewatia achari," alisema.

Ami alinyoosha mkono akagusa ule unga mweupe ukingoni, ambao nilikuwa nimeufuta wiki zote zile. "Birika sisi tunachota," alisema. "Mai yanatoka pamoja na chumvi yake. Hapa anayechota ni upepo, na upepo hauchukui chumvi. Ukarudishia bahari juu ya bahari. Na mimi ndiye niliyekwambia ufanye kama birika."

Mke wa ami alikuwa ameshakwenda kuleta ndoo nzima ya maji ya mvua. Alikuwa ameinyanyua hadi kifuani aimimine, ami akamshika nguo.

"Bibi, ngoja. Hata mimi nilipanda kwa haraka."

Akaishusha ndoo. Nilimwona akiitazama miguu ya ami chini ya shuka, kisha akatazama pembeni. Tangu ile ajali ami hakuwahi kuitaja mbele yetu.

Tulikubaliana kikombe kimoja kila baada ya sala: tuchote kikombe cha maji ya tangi tukimwage, turudishie kikombe cha maji ya mvua. Vikombe vitano kwa siku, si zaidi. Ami aliniambia nichore mstari kwenye kioo kwa wino, na kila siku niangalie upepo umekunywa kiasi gani, kiasi hicho nacho nikirudishie kwa maji matamu, si ya bahari. Siku ya kwanza wa matope hakutoka chini ya jiwe. Siku ya pili vilevile. Ami aliamka kila kikombe kilipokuwa kikimiminwa, hata kama alikuwa amelala. Alikula kidogo, huku akiniamuru nisimtazame.

Siku ya nne mke wa ami aliniita jikoni akanionyesha pipa la maji ya mvua. Lilikuwa limebaki chini ya nusu, na mvua zilikuwa mbali. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Twayaogea, lakini kwa chai na kwa mgonjwa tulitumia yale ya mvua tu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hatuna ya kumwaga kwa samaki mmoja. Ami alisikia. Kuta za nyumba zetu ni nene, lakini mlango wa uani haufungwi.

"Chai yangu ipikeni kwa mai ya kisima," alisema.

Ilipikwa. Nilimpelekea mimi. Aliinywa yote bila kukunja uso, huku akimtazama samaki, kisha akanirudishia kikombe hicho hicho, nikakisuuza, nikachotea tangi. Jioni ya siku ya sita wa matope alipanda juu ya jiwe lake, akaegemea mapezi. Matumbawe ya vidole yalikuwa yameshaoza, nikayatoa. Yale ya vifungo yenye sumu ndiyo yaliyobaki, na yamefunguka.

Ami hajasema tena kuhusu wale wanne. Wala hajalifuta lile neno, kwamba akishindwa tusimhangaikie. Pipa linapungua, upepo haujatulia, na kila alfajiri kabla sijathubutu kutazama kitandani, hutazama kwanza juu ya lile jiwe.