Mwalimu Haitoki

Binti wa kaka yangu nimemlea mimi tangu hajaota meno ya pili. Alipopata ualimu wa hesabu nilitembea mtaani shingo juu kama twiga, sikuficha. Mimi niliyeishia shule ya msingi, nyumbani kwangu kumetoka mwalimu wa aljebra!

Wanafunzi walimpa jina: Haitoki. Maana mtoto akiuliza, "Mwalimu, tunajuaje kanuni hii ni kweli?" yeye hujibu, "Kuthibitisha? Hiyo haitoki kwenye mtihani. Kariri, tumia, songa mbele." Na miaka nenda miaka rudi, kweli haikutoka. Watoto wakafaulu, wazazi wakamsifu, nami nikavimba kichwa kwa sifa zisizo zangu.

Safari hii mtihani wa majaribio ulitungwa na shule ya jirani. Swali la mwisho: thibitisha ile kanuni ndefu ya kutafutia x, yenye kipeuo cha pili ndani yake. Darasa zima liliacha karatasi nyeupe.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti wa jirani, mwanafunzi wake, mdomo mwepesi huyo! "Bibi, tukamwambia, mwalimu, imetoka! Tukacheka weee. Tukasema, basi tuoneshe, mtihani wenyewe bado haujafika."

Akaandika mlinganyo ubaoni. Akagawanya kote kwa a. Akahamisha namba upande wa pili. Hapo chaki ikasimama. Akafuta, akaanza upya, ikasimama palepale. Kengele ndiyo iliyomwokoa.

Kesho yake kichwa kikamuuma, asiende kazini. Keshokutwa, tumbo. "Shangazi, dukani nenda wewe," akasema, kwa kuwa mwenye duka ana mtoto darasani kwake. Nikaenda. Mimi niliyezoea kupiga soga pale mpaka muuzaji anichoke, nilichukua sabuni nikaondoka macho chini.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

"Mwanangu, kwani wewe hukufundishwa?"

"Niliambiwa haitoki, Shangazi. Nikakariri, nikapata alama za juu kabisa."

"Na hao wako je? Swali likirudi kwenye mtihani wenyewe?"

Aliinuka, akatoa kitabu chake cha chuo, kurasa za uthibitisho zikiwa bado zimenyooka kama zimetoka kiwandani. Akakaa nacho mezani, akiandika na kukata, akiandika na kukata. Chakula chake nilikifunika.

Asubuhi alivaa akaenda kazini. Aliporudi, chaki imemjaa hadi kwenye viwiko. Alinisimulia alivyowaambia wanafunzi kweli tupu: "Niliwazuia kuuliza kwa sababu mimi mwenyewe sikujua." Halafu wakaithibitisha pamoja, mstari kwa mstari, mpaka ikakubali.

"Walikucheka?" nikauliza.

"Hawakucheka, Shangazi. Walinyamaza, wakaandika. Afadhali wangecheka."

Akaingia kunawa. Nikayasikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko inavyohitaji chaki kutoka, nami sikuthubutu kubisha hodi.