Protini Zilizogoma Kuachia

Mwalimu wa biolojia wanafunzi walimwita Nukta, kwa kuwa kengele ikilia aliikata sentensi papo hapo, na ole wake atakayethubutu kuimalizia. "Tusirukie mbele!" ndiyo iliyokuwa dini yake. Ukuu wa idara aliutaka kama fisi autakavyo mfupa. Basi siku mkaguzi alipokuja kuamua nani apewe, Nukta aliingia darasani na shuka la kitandani kwake, mkewe hana habari.

"Huu ni utando wa seli," akasema, akilitandaza sakafuni. Akaomba mkoba wa mkaguzi, akauweka katikati. "Na huu ndio mzigo."

Wanafunzi sita wakawa protini za koti, zile zinazouvisha utando kwa nje. Wakalizunguka shuka, wakashika pindo, wakasogeleana bega kwa bega hadi likajikunja na kuumeza mkoba.

"Mnaona? Protini moja peke yake haifui dafu. Zikiungana, utando unapinda, unakuwa kifuko, kinakatika, kinasafirisha mzigo. Kazeni! Twendeni ofisi ya mkuu wa shule!"

Mlangoni mwa ofisi ilibaki hatua moja tu: koti livuliwe, kifuko kiungane na utando wa kule kilikofika, mzigo ushuke. Nukta akafungua kinywa. Kengele ikalia. Kinywa kikajifunga chenyewe.

"Haya wanangu, nipeni mkoba," mkaguzi akasema.

"Samahani mzee, koti halijavuliwa."

"Si mlivue!"

"Hatujafundishwa, mzee."

Mkaguzi akavuta. Wakavuta. Ufunguo wa gari lake ulikuwa humo humo, ukilia kama njuga. Nukta alilowa jasho, akauona ukuu wa idara unaota mbawa.

"Achieni, jamani!"

"Mwalimu, tusirukie mbele," wakajibu kwa pamoja, kwa adabu zote.

Mkaguzi akahema, kisha akamgeukia Nukta kwa macho ya mtu aliyeokota almasi jalalani.

"Nimekagua shule chungu nzima. Kwingine watoto wanauliza maswali mpaka mtu unaona haya. Hawa hawaongezi wala hawapunguzi! Idara ni yako, ndugu yangu."

Mkuu mpya wa idara akakimbilia chumba cha walimu kupokea pongezi. Mkaguzi akajivuta hadi kwenye benchi la nje, mkabala na zile protini sita zilizokaza mikono, akakaa kungoja kipindi kijacho cha biolojia.