Pua ya Mukhisa Yaenda Mkutanoni

Wananchi wote wa Bungoma na Trans-Nzoia, pamoja na wageni waalikwa, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba pua ya Bwana Nehemiah Mukhisa, muuza chumvi ya ng'ombe katika soko la Chwele, imetambuliwa rasmi na wataalamu. Imepigwa picha mara thelathini na moja. Imepimwa kwa rula. Imeonyeshwa mkutanoni katika hoteli moja ya Naivasha, ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa, huku wajumbe wakiitazama na kutafuna kuku. Mwenyewe hakualikwa. Mwenyewe hajafika hata Nakuru.

Pua hiyo ilipata cheo chake pangoni. Kila mwezi Mukhisa hupanda Mlima Elgon na sururu na magunia mawili, akachimba udongo wa chumvi kwenye pango ambalo ng'ombe wamelilamba tangu enzi za mababu. Hulala humo siku mbili, juu ya gunia. Pimbi nao hulala humo, kwenye nyufa za mawe, na usubi hulala kokote anakotaka. Usubi ni mdudu asiye na adabu: mdogo kuliko mbu, haimbi, habishi hodi. Anamng'ata pimbi, anakuja kukung'ata wewe, na alichokitoa kwa pimbi anakuachia kama zawadi. Mbu angalau hukuimbia kwanza.

Kipele kilitokea upande wa kushoto wa pua, kidogo kama punje ya wimbi. Hakikuuma wala hakikuwasha, na kitu kisichouma Chwele hakiitwi ugonjwa. Miezi minne baadaye kilikuwa kidonda cha upana wa sarafu ya shilingi kumi, kingo juu, katikati shimo. Mkewe, Nabwile, alikipaka dawa ya meno. Fundi wa pikipiki akapendekeza maji ya betri, na Mukhisa akakubali, jambo ambalo hapendi lizungumzwe. Mzee wa kanisa alikiombea kwa nguvu sana, akiwa amesimama hatua nne nyuma.

Shida yenyewe ilikuwa sokoni. Chumvi ya pangoni haiuzwi kwa maneno. Muuzaji humega kidonge, akakilamba mbele ya mnunuzi, akakunja uso kuonyesha ni kali, ndipo mnunuzi naye aonje upande wa pili. Sasa nani angeonja baada ya pua ile?

"Papa Mukhisa, weka hiyo chumvi chini na usirambe," Rosaline muuza kuku alimwambia. "Ng'ombe atajionea."

"Kwani pua ndiyo inaramba?"

"Si iko karibu na urimi, bana! Na vile naiona, sijui kama itakaa hapo."

Soko lilicheka. Mukhisa naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya kibanda, akaishika pua kwa vidole viwili kuhakikisha iko. Ukingo wa tundu la kushoto ulikuwa umeanza kwenda. Ana miaka hamsini na minane, na meno sita yalishaondoka bila kuaga, lakini pua alitarajia kuzikwa nayo.

Ndipo akaenda Kitale, kwenye hospitali moja huko. Daktari Wabwile, kijana wa kwao Bungoma, alipoona kidonda alifurahi mpaka mgonjwa akaona haya. Aliita wenzake. Aliita wanafunzi. Picha zikapigwa.

"Hii ni ya nzi wa mchanga!" Wabwile akatangaza.

Mukhisa alimpigia Nabwile simu kumweleza, akamsomea na bango la ukutani. Jioni alipofika nyumbani, rundo lote la mchanga wa kujengea jiko lilikuwa limehamishwa, karai moja baada ya nyingine, na Nabwile amelala kifudifudi, mgongo umekataa kunyooka. Nzi wa mchanga ni yule yule usubi wa pangoni, wala haishi kwenye mchanga. Lakini bango la hospitali lilisema nzi wa mchanga, na Nabwile si mtu wa kubishana na bango.

Dawa je? Mukhisa alikuwa ameuliza hivyo kabla ya kuondoka hospitalini.

"Imeisha kote, mzee wangu. Lakini usijali," Wabwile alimwambia. "Huko juu wameamua. Utapata kabra ya kura. Wewe kuja kira Jumatatu uangarie."

Kabra ya kura. Mukhisa hakuona ugumu wowote. Kwao mgeni hukaribishwa kura ugali, na mtoto huchapwa kwa kura udongo. Dawa nyingi huwa hivyo, kabla ya chakula.

Jumatatu ya kwanza alitoka nyumbani alfajiri.

"Baba Nasimiyu, kunywa hata chai," Nabwile alimwambia.

"Nikikura harafu dawa ifike, si itakataa kufanya kazi?"

Akakaa kwenye benchi la hospitali mpaka dirisha la dawa likafungwa. Mama wa mandazi alipita mara tano. Jumatatu ya pili alipita mara saba, Mukhisa alihesabu. Dawa haikuja. Tundu la kushoto lilikuwa limepanuka kidogo, na akipumua lilikuwa linapiga mluzi mwembamba.

Jumatatu ya tatu, saa nane mchana, aliteleza kwenye benchi polepole kama koti lililoanguka msumarini. Nesi Jerono, msichana wa Elgon ambaye ulimi wake hauchanganyi herufi, alimwinua.

"Umekula nini leo, mzee?"

"Sijakura. Nangojea dawa. Daktari amesema ni kabra ya kura."

Jerono alimwangalia. Kicheko kilimfika kooni, akakimeza.

"Mzee wangu. Ku-ra. Ile ya kupiga. Uchaguzi, Agosti mwaka ujao. Kuna mheshimiwa anataka kuileta mwenyewe, na tenti na spika. Na hiyo dawa hata si ya kumeza. Ni sindano."

Mukhisa alipandisha mkono mpaka kwenye pua.

"Na hii itangoja Agosti?"

Jerono alilitazama tundu la kushoto. Kisha akatazama ukutani, penye bango.

Hapo mlango ukafunguka, Wabwile akaingia mbio, simu juu, wanafunzi wanane nyuma yake.

"Mzee Mukhisa! Pongezi! Pua yako imetoka Naivasha, sasa imeitwa Uraya! Mkutano mkubwa, mataifa yote!" Akaielekeza simu usoni pake, inarekodi. "Wataaramu wanasikiriza, mzee. Una neno gani la kuwaambia?"

Mukhisa alifikiri kidogo. Pua ikapiga mluzi.

"Basi wacha nikure."