Mwanvita na Hema la Bwawani

Mwanvita alipostaafu kiwanda cha mahema walimuuliza anataka zawadi gani. Waliomtangulia walichukua godoro, runinga, na mmoja alichukua bati za kumalizia nyumba yake. Mwanvita alisema anataka hema.

Meneja alidhani hakusikia vizuri. "Hema la nini, mama?"

"La kulala."

"Kwani nyumba imepata nini?"

"Nyumba ipo, haina tatizo. Nimeshona mahema hapa tangu binti yangu Faraja yuko mgongoni. Leo Faraja ana watoto wake. Mahema yangu wamelala wanajeshi, wamelala wazungu, wamelala watu wa mafuriko. Mimi sijalala hata katika moja."

Wakampa. Lilikuwa la kijani, kona moja imeshonwa kombo, ndiyo maana lilikuwa stoo muda wote huo. Mwanvita alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto, akapanda nalo bajaji mpaka kwake Kihonda.

Mumewe, Hashimu, alikuwa fundi redio. Siku hizi redio ikiharibika watu wanaitupa, kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kukaa sebuleni na kulalamikia nchi. Aliliangalia lile furushi, akamwangalia mkewe.

"Mama Faraja, umewaambia wakupe hema?"

"Ndiyo."

"Godoro lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Hashimu akarudi sebuleni kulalamikia nchi.

Kesho yake asubuhi Mwanvita akataka kulijaribu uani. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu. Miaka yote ile kiwandani yeye alikuwa mtu wa milango. Kila fundi na kipande chake: wengine kuta, wengine paa, yeye zipu na milango. Namna hema linavyosimama hakuwa na habari nayo. Alihangaika na yale mabomba na kamba mpaka jua likawa kali, na mwishowe kitu kikasimama, kimeinama upande mmoja kama mlevi, lakini kimesimama.

Sasa, mtaani kwetu hema likionekana uani ni mambo mawili tu, harusi au msiba. Harusi hatukuwa tumealikwa.

Kina mama wa kwanza walianza kulia wakiwa bado kwenye kona ya duka la mkaa. Waliofuata walikuja na mikeka, na kanga za kujifunga, na mmoja alikuwa amebeba sukari na kilo kadhaa za unga. Kwa kuwa Mwanvita alionekana mzima, amesimama mbele ya hema akipangusa jasho usoni, kila mtu alijua aliyetutoka ni nani. Wakamkumbatia. "Alikuwa mtu mwema," walimwambia. "Alikuwa hana maneno na mtu." Huo ni uongo, Hashimu ana maneno na kila mtu, lakini msibani husemi hivyo.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Hashimu akatoka na singlendi yake na kikombe cha uji. Aliwaona watu, akaona mikeka, akaweka kikombe chini kwa heshima.

"Poleni jamani," alisema. "Kafariki nani?"

Mwanamke mmoja alikimbia, akaacha kiatu kimoja. Waliobaki wakaona haifai kurudi na sukari nyumbani, wakapika chai, tukanywa, na Hashimu akasikiliza kwa furaha watu wakirudia yale mema waliyoyasema juu yake.

Baada ya hapo familia ikakaa kikao. Mwanvita alikuwa ametangaza kwamba anakwenda kulala na hema lake bwawani, lile bwawa la zamani la shamba la mkonge upande wa kwenda Ngerengere, ambako vilima ni vya nyasi tupu na hakuna nyumba, hakuna umeme, hakuna choo. Alikuwa ameliona mara nyingi kupitia dirisha la basi. Kikao kiliamua kwamba mwanamke mtu mzima hawezi kuacha kitanda akalale porini bila sababu. Ama ana jini ama ana mwanamume. Akateuliwa Hidaya, dada yake Hashimu, aende naye akaangalie ni kipi kati ya hivyo viwili.

Hidaya alikuwa mjane, muuza mitumba, na sauti yake ilikuwa ya sokoni hata akiwa anasali. "Likiwa jini," alikiambia kikao, "nitampigia sheikh. Akiwa mwanamume, nitampiga mwenyewe."

Mengi ya yaliyofuata Hidaya ndiye aliyetusimulia, na Mwanvita hajakanusha.

Walishushwa barabarani saa za asubuhi na hema, jembe, madumu ya maji, sufuria, mkeka na kuku mmoja aliyefungwa miguu, kwa sababu Hidaya alikataa kwenda mahali bila kitoweo. Wakapanda kilima. Ulikuwa mwezi wa nane, nyasi zimekauka mpaka zina rangi ya simba, ukizikanyaga zinavunjika. Juu ya kilima wakaliona bwawa chini yao, maji yametulia na yamepungua, tope jeupe limepasukapasuka pembeni. Mbali kule milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu yake, majani mabichi yote yamebaki juu huko.

"Wifi," alisema Hidaya, anahema. "Wazazi wetu walitulaza shambani kufukuza nguruwe na nyani. Tukasoma, tukahangaika, tukaja mjini tupate kulala ndani. Sasa wewe unarudi porini kwa hiari yako?"

"Safari hii hakuna mahindi ya kulinda," alisema Mwanvita. "Ndiyo tofauti yake."

Chini pale aliwapokea mtu mmoja mrefu mwenye koti la suti juu ya kaptura. Alijitambulisha kuwa ni Castory, mwenyekiti wa kitongoji, na bwawa lilikuwa chini ya uangalizi wake.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwenyekiti."

"Mmekuja kwa nani?"

"Hatujaja kwa mtu," alisema Mwanvita. "Tumekuja kulala hapa. Kesho kutwa tunaondoka. Tunaomba ruhusa yako."

Castory aliangalia furushi, akaangalia jembe. "Kulala."

"Kulala."

"Mmefukuzwa?"

"Hatujafukuzwa."

"Ruhusa ipo," alisema Castory polepole. "Moto msiwashe kwenye nyasi, washeni hapo kwenye tope. Mamba yuko mmoja, ila ni mzee." Akaondoka, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache, na macho yake hayakuwa kwa wanawake wala kuku. Yalikuwa kwenye jembe.

Shamba lile la mkonge zamani lilikuwa la Mjerumani. Na kila mtu wa pale, mkubwa kwa mdogo, anajua kwamba Mjerumani alipokimbia alizika sarafu zake za rupia. Hakuna aliyeziona, lakini mashimo yake yako kila mahali. Watu wamechimba hata chini ya zahanati.

Mwanvita hakuwa na habari na hayo. Alikuwa anapambana na hema. Hidaya yeye aliona jambo la maana kuliko yote ni choo, akachukua jembe, akaenda nyuma ya kichaka cha miiba, akaanza kuchimba. Alichimba kwa bidii, maana ni mwanamke asiyependa kazi nusunusu.

Alipoinua kichwa, kwenye mteremko walikuwa wamekaa watu watatu. Alipoinua tena walikuwa wengi. Wameketi kwenye nyasi kama uwanja wa mpira, wanaangalia shimo, hawasemi kitu. Kufikia adhuhuri muuza karanga alikuwa ameshapata habari na anazunguka kati yao.

"Wifi!" aliita Hidaya. "Hawa watu wanataka nini? Hawajawahi kuona mtu anachimba?"

Castory akashuka. Safari hii alikuwa amevaa suruali. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, akachungulia, akakohoa.

"Mama zangu, sisi si watu wabaya. Hatutaki kuwazuia. Tunataka tuelewane mapema tu, kabla ya kitu kutoka. Sehemu ya kijiji itakuwa kiasi gani?"

"Sehemu ya nini?" aliuliza Hidaya.

"Ya mtakachokitoa humu."

Hidaya aliegemea jembe. Akamwangalia Castory, akaangalia umati, akaangalia shimo. Taratibu akaelewa.

"Mwenyekiti," alisema, na ile sauti ya sokoni ikafika mpaka juu ya kilima, "humu hatutoi kitu. Humu tunaweka. Na kijiji kikitaka sehemu yake, kije kesho asubuhi, tutakiachia yote."

Mzee mmoja kule juu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mteremko mzima ukamfuata, watu wanalala kwenye nyasi, muuza karanga ameshika tumbo. Castory alijaribu kubaki mwenyekiti kwa muda, akashindwa, naye akakaa chini akacheka mpaka machozi.

Wakiwa katika kicheko hicho upepo wa mchana ukashuka kutoka milimani. Mwanvita alikuwa ndio kwanza amelisimamisha hema, na hakuwa amelikaza chini kwa kitu chochote zaidi ya matumaini. Likanyanyuka. Lilipita juu ya kichwa cha Hidaya, likapiga tope mara moja, likaingia bwawani, likaelea kwa raha likielekea katikati.

Mwanvita alisimama tu na kamba moja mkononi. Hidaya anasema hapo ndipo alipomhurumia mara ya kwanza, maana uso wa wifi yake ulikuwa wa mtoto aliyenyang'anywa.

"Yule mamba," aliuliza Mwanvita, "ni mzee kiasi gani?"

Castory alivua koti. Pengine aliona ana deni la heshima mbele ya watu wake. Akaingia na vijana wawili, wakipiga maji kwa fimbo na kumtukana mamba kwa Kiluguru, na wakalivuta hema mpaka nchi kavu. Kama mamba alikuwepo, aliona mambo ya binadamu hayamhusu.

Walilianika kwenye nyasi mpaka alasiri. Waliposali na kumaliza, wanaume wa kitongoji wakalisimamisha, wakalizungushia mawe makubwa pande zote, kila mmoja akitoa amri na hakuna anayemtii mwenzake. Kuku akachinjwa. Castory alikula paja.

Watu walipokwisha kuondoka na jua limeanza kuingia, Mwanvita aliingia ndani peke yake. Hidaya alisikia zipu ikifunguliwa, ikafungwa. Ikafunguliwa tena, ikafungwa. Akachungulia.

"Una nini wifi?"

"Sikiliza," alisema Mwanvita. "Haikwami hata kidogo."

Hidaya akaingia, akaketi kwenye mkeka. Nje vyura walikuwa wameanza. Aliona wakati wa kazi aliyotumwa umefika.

"Wifi, niambie ukweli. Sisemi nyumbani." Uongo, angesema. "Una mtu?"

"Sina mtu."

"Una jini?"

"Hidaya, jini atataka nini kwa mwanamke wa umri wangu?"

"Basi tumekuja kufanya nini huku?"

Mwanvita alifikiri. "Kule kiwandani mashine zililia kutwa. Nikirudi nyumbani, televisheni ya kaka yako. Wakija wajukuu, bibi, bibi, bibi. Hata nikiwa msalani mtu anagonga mlango aniulize chumvi iko wapi. Nilikuwa nikishona milango hii nasema moyoni, kuna mtu atafunga huu kwa ndani, na hakuna atakayemgongea. Nilimwonea wivu, na simjui."

Hidaya alikuwa na watoto sita wa kiume, na tangu mumewe afariki wote walikuwa wamerudi kwake na wake zao. Alijinyoosha kwenye mkeka afikirie jambo hilo, na kabla hajafika popote alikuwa anakoroma. Alilala mpaka alfajiri bila kugeuka. Anasema hajalala vile tangu uchumba.

Asubuhi walikuwa wanapuliza moto wa chai walipoona bodaboda inashuka kilima kwa kuyumba. Nyuma ya dereva alikaa Hashimu, ameshikilia kofia, na mapajani mwake amekumbatia magunia matupu. Habari zilikuwa zimemfikia Kihonda usiku uleule, ila zilifika bila ule mwisho wa kuchekesha.

Alishuka, akajikung'uta vumbi, akaangalia huku na huku.

"Mama Faraja. Ziko wapi?"

"Nini?"

"Usinifiche, mimi mumeo."

Hidaya akamshika mkono kaka yake kwa upole, akampeleka nyuma ya kichaka, akamwonyesha shimo. Hashimu alikaa huko muda mfupi sana. Aliporudi alisema magunia aliyaleta ili Mwanvita asikae kwenye umande. Mwanvita akamshukuru, akayatandika, akamkaribisha chai.

"Mnaondoka saa ngapi?" aliuliza Hashimu.

"Kesho."

"Na huku mnakula nini?"

"Castory anasema kuna perege."

Hashimu akasema perege wa bwawani wana ladha ya tope, akasema huwavui kwa ndoano kubwa, akasema huyo Castory anajua nini. Akavua viatu. Castory alipokuja kusalimia waliingia kwenye mabishano ya chambo, na kufikia saa nne wote wawili walikuwa ndani ya maji mpaka magotini, suruali zimekunjwa, wakionyeshana kwa vidole pahali ambapo samaki hawakuwepo. Bodaboda ilikwishaambiwa irudi mjini.

Simu ya Mwanvita ikaita. Alikuwa Faraja.

"Mama, shikamoo. Shangazi hapokei simu. Baba naye katoka hapa bila kuaga. Mko salama? Mnarudi lini?"

Mwanvita alimwangalia wifi yake, aliyekuwa amerudi ndani na kufunga zipu. Akamwangalia mumewe. Upepo ulikuwa unazilaza nyasi za kilima kizima upande mmoja, kisha unaziacha.

"Marahaba mwanangu," alisema. "Tuko salama. Hayo mengine sijui."

Akakata, akaiweka simu ndani ya sufuria, akaifunika.