Karuho Haikuwa Ndani ya Maziwa

Siku ile naikumbuka kwanza kwa masikio. Mama mmoja alikuwa akipiga kelele juu ya kichwa changu: "Karuho! Wamemupa karuho!" Nilipofungua macho niliona mawingu, kisha viatu vya wenzangu, nikaelewa kwamba nimelala katikati ya uwanja wa Nyamitaba, na anayesemwa kulishwa sumu ni mimi.

Mwanangu, wewe unanijua hivi nilivyo, mzee wa kupanda kilima kwa kupumzikapumzika. Wakati ule nilikuwa mshambuliaji wa timu ya kijiji chetu, Kirolirwe, na nikigusa mpira hata wachungaji walisahau ng'ombe wao, nao ng'ombe wakaingia kwenye maharage ya watu. Desturi yetu ilikuwa kwamba ekipe ngeni haiingii uwanjani kabla wenyeji hawajaionjesha maziwa. Nilikunywa kama wengine. Kipindi cha pili nikaanguka bila kuguswa na mtu. Basi kila mmoja akaona jibu liko ndani ya maziwa, na mama aliyetumiminia akatukanwa mpaka akakimbilia kanisani.

Baba alinipeleka kwa mzee anayetapisha karuho. Nilikunywa dawa yake chungu, nikatapika mpaka machozi yakanitoka, na kijiji kizima kikashukuru kwamba nimepona. Shangazi yangu Furaha hakushukuru. Alikuwa mjane, mkulima, mwenye ulimi mkali.

"Tangu mwaka jana ukipanda kilima na gunia unasimama, unashika kifua," akasema. "Ile karuho njo ilikuwa inakungojea kule njiani?"

Akanivuta mpaka hospitalini. Munganga alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu, akanipima kwa mashine, kisha akasema kwa upole kwamba nyama ya moyo wangu imekuwa nene kupita kiasi, na mbio za mpira zinaweza kuusimamisha. Njiani kurudi sikuona ng'ombe wala kilima.

Jioni ya kuamkia fainali na ekipe ya Walikale, kapiteni wetu Amani akaja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, alinipenda sana.

"Kaka, sumu ulishaitapika. Uko muzima."

"Munganga amesema ni moyo."

"Munganga yeye alicheza mpira wapi? Ingia kidogo tu. Watu wa Walikale wakikuona, miguu yao italegea yenyewe!"

Nilicheka, na katika kicheko kile, kwa mawazo, nilikuwa nimeshaingia uwanjani. Shangazi alikuwa akichambua maharage.

"Amani," akasema bila kuinua kichwa, "kesho akianguka tena, mutasema maziwa ilitoka wapi? Walikale ni pori, hawana ng'ombe." Kisha akanigeukia. "Na weye, unataka kuishi, ao unataka waimbe jina yako kwenye kilio?"

Mwanangu, swali lile ndilo ninalokuachia. Mwili wako ukilalamika, usiutafutie adui katika kijiji cha jirani. Sema maumivu yako mapema, wala usione haya kushika kifua mbele ya watu. Wanaokushangilia wanakupenda kweli, lakini hakuna anayeweza kukugawia pumzi yake. Na siku utakaponyang'anywa kile unachokipenda, lia. Mimi nililia msimu mzima wa mvua, nikisikia mpira ukipigwa ng'ambo ya bonde. Kisha nikaona bado nipo: nikalima, nikaoa, nikaitwa baba. Mungu akupe moyo mtulivu na watu wasioogopa kukuambia ukweli, na akuzeeshe mpaka wajukuu wacheke mwendo wako.

Jioni ile Amani alikuwa bado anangoja, akininyooshea jezi yangu.

"Mupe mwingine," nikamwambia. "Miye sitacheza tena."

Nilitaka anibishie. Hakunibishia. Aliikunja ile jezi taratibu, akaitia kwapani, akamwambia shangazi, "Mulale muzuri, Mama." Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.