Tangi Juu ya Kichwa cha Shemeji

Fundi rangi yule walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kupimiwa. Alipaka kuta za watu kutwa nzima, na kilichosikika ni brashi tu. Nyumbani kitu kimoja ndicho kilichomfungua mdomo: tangi la kioo lenye samaki wadogo wa jamii ya perege, wa buluu na wa njano, wakorofi kama mawifi wanaogombea jiko moja.

Samaki hao wanakula sana na kuchafua zaidi. Kichujio kidogo cha dukani kilishashindwa, na Kimya alibaki kuhamisha maji kwa ndoo mpaka kiuno kikamlilia. Ndipo akaamua kuunda kichujio chake, cha kukaa chini ya meza ya tangi. Maji yatoke juu, yashuke kwenye beseni refu la plastiki, yapite kwenye spanji, kisha kwenye kokoto zilizooshwa, halafu pampu iyarudishe juu yakiwa safi. Alichora mpango mzima ukutani kwa penseli.

"Huo ni ukuta wangu," mkewe alisema.

"Nitaupaka."

"Kama ulivyopaka mlango wa choo? Mwaka wa pili huu."

Kuchora hakukumtisha. Kilichomtisha kilikuwa chini ya miguu yake. Walikaa ghorofani, kwenye chumba walichopewa na kaka wa mkewe, fundi cherehani, na meza ya huyo fundi ilikuwa chini ya tangi hasa. Katikati palikuwa na mbao tu, tena zenye nyufa. Fundi aliposikia habari za beseni alipanda mwenyewe, tepu ikiwa bado shingoni.

"Shemeji, mimi na wewe hatujawahi kugombana."

"Kweli, shemeji."

"Basi tusianze leo. Tone moja likidondoka kwenye meza yangu, samaki wanaondoka humu. Nimesema moja, sikusema mawili."

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa sauti, mimi nimezoea kelele za cherehani."

"Nimesikia, shemeji."

Tangu hapo kila kiungo cha kazi hiyo alikifunga kwa woga. Alichoogopa kuliko vyote ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu yanaweza kurudi chini kwa bomba lilelile yalilopandia, kama mafuta yanavyonyonywa kwenye tangi la gari kwa mpira. Dawa yake ilikuwa kitobo kidogo cha msumari kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo, kitobo kinavuta hewa, mvuto unakatika. Alitoboa, akachomoa pampu, akapiga magoti kutazama. Maji kwenye beseni yalipanda upana wa kiganja, yakatulia. Alirudia mpaka mkewe akamwambia atachakaza soketi. Bado hakuamini. Akalifunga bomba kwenye fremu ya tangi kwa waya, mafundo matatu, lisije likaruka.

Lakini bomba lilikuwa jeupe, na weupe ule ulimkera, mtu wa rangi yule. Akafungua waya, akalipaka rangi nyeusi pale linapoonekana, akalianika juani hadi harufu ikaisha, akalirudisha na kulifunga upya. Likapendeza. Hakulijaribu tena.

Alasiri moja alikuwa ameketi mbele ya tangi, mkewe akichambua mchele, feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Pampu ikanyamaza. Kimya akainama, akasubiri kile kiganja kimoja.

Maji yakapanda kiganja. Yakapita.

"Yatasimama," alijiambia. Bomba likaendelea kufanya glo, glo, glo, na juu, kwenye tangi, maji yakashuka mpaka samaki wakajibana kwenye mawe ya chini. Akashika bomba alivute nje. Waya ule, mafundo yake mwenyewe! Fundo hata moja halikulegea, na koleo lilikuwa kwenye mfuko wa kazi, hakukumbuka wapi.

"Mama yangu," alinong'ona. "Mama yangu."

Maji yakafika ukingoni mwa beseni, yakavimba, yakamwagika na kutambaa kuelekea kwenye ufa.

Chini, fundi alikuwa ametandaza kitambaa cheupe cha makoti ya wauguzi. Kimya alijua. Akinyamaza, huenda maji yakanyonywa na mbao. Akisema, amejiua mwenyewe. Akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Shemeji! Ondoa nguo! Maji! Ondoa nguo!"

Sauti ile ilimshtua hata yeye. Mkewe akatupa ungo, akachuchumaa, akaushika mpira laini unaounganisha pampu na bomba, akaukunja kama shingo ya kuku. Glo glo ikakoma.

"Ulikuwa unangoja nini?" alihema. "Uko hapo unaongea na mbao!"

Fundi alipanda ngazi na bega limelowa. Kimya hakuinua macho.

"Nguo?" aliuliza.

"Zimepona. Nimezivuta, maji yakanipata mimi." Fundi akainamia bomba. "Kitobo chako ulichojisifia kwa dada yangu kiko wapi?"

Kimya akapapasa. Palikuwa laini. Rangi, tabaka mbili nzuri, ilikuwa imekiziba kabisa. Fundi akachomoa pini kwenye ukosi wa shati lake, akachoma, kipande cheusi kikabanduka.

"Kwa hiyo umekipaka."

"Nimekipaka, shemeji."

"Mtu mzima."

Kimya akaokota kile kipande cheusi sakafuni.

"Nilisema tone moja," fundi alisema, "na sirudi nyuma. Samaki wanaondoka humu."

"Sawa."

"Wanakuja kwangu chini, kwenye kona ya pasi, sakafuni kwenye saruji. Yakimwagika tena yatanilowesha viatu. Na wewe utashuka kuwahudumia, na kila umeme ukikatika utakuwa umesimama hapo, mbele yangu."

Kimya alitazama mlango, akazitazama ngazi zile nyembamba, akalitazama tangi la kioo.

"Tutalishushaje?" aliuliza.